Daktari Bingwa Yupo Kila Siku

Mliponiomba, siku ile ya kuniaga ofisini, niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, nilikubali haraka kwa sababu keki ilikuwa mezani na wote mlikuwa mnanitazama. Nilipofika nyumbani Miyuji woga ukanishika. Muda wote huo nimeandika habari za watu wengine: wauza nafaka, wenye mashine za kukamua alizeti, wenye nyumba za wageni, wenye shule za chekechea. Kila mwenye biashara aliyetaka tovuti alihitaji ukurasa wa "Kuhusu Sisi", na ukurasa huo ndio uliokuwa kazi yangu. Kujiandika mwenyewe sikuwahi. Nimeanza mara nne na mara nne nimechana karatasi. Hii ni ya tano, nayo nitaimaliza.

Nilianza Makole, kwenye chumba cha steshenari chenye kompyuta mbili na feni moja iliyopiga kelele kuliko kupuliza. Tulichapa barua za maombi ya kazi, mialiko ya harusi, mikataba ya nyumba. Siku ya kwanza nilichapa neno "Mkurugenzi" vibaya mara tatu katika barua moja, na mwenye barua alikuwa amesimama nyuma yangu akihesabu. Nilijua nitafukuzwa kabla ya chai.

Sikufukuzwa kwa sababu ya Mzee Lameki. Huyu alikuwa msahihishaji mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, aliyeajiriwa pale kusoma kila karatasi kabla haijatoka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, kalamu nyekundu mfukoni, na hakuwa na haraka na mtu yeyote. Aliichukua ile barua, akasahihisha, akamwambia mteja asubiri, kisha akaniambia nimsomee kwa sauti huku nikifuata kwa kidole. Nilisoma nikiwa karibu kulia.

"Unaogopa nini?" akaniuliza.

"Kukosea, mzee."

"Vizuri. Endelea kuogopa hivyo hivyo. Wasioogopa ndio wanaoniletea kazi."

Baadaye tulipoanza kuandika maelezo ya kampuni kwa ajili ya zabuni, kalamu yake ilikuwa na neno moja tu pembeni ya karatasi: NANI? Ukiandika "tunatoa huduma bora", anaandika NANI? Ukiandika "tuna wataalamu waliobobea", NANI?

"Mzee, ni kampuni," nilimjibu siku moja nikiwa nimechoka.

"Kampuni haina mdomo, binti. Nitajie mtu ambaye mteja akija na karatasi hii mkononi, atatoka mlangoni aseme ndiyo, mimi ndiye. Kama hayupo, futa."

Nilifuta sana miaka ile. Kuna kampuni moja ya usafi tuliyoifuta mpaka ikabaki na jina na sanduku la posta.

Kisha ofisi za serikali zikahamia Dodoma, na watu wakazifuata. Ghafla kila fundi, kila mpishi, kila mwenye lori moja alitaka kuonekana mtandaoni. Joshua, ambaye wengi wenu mnamjua kama bosi lakini mimi nilimjua akija kununua karatasi kwetu, akafungua ofisi ya kutengeneza tovuti. Alijua kompyuta lakini hakujua kuandika; mimi nilijua kuandika na kompyuta niliziogopa. Akanichukua. Mzee Lameki alikuwa amesharudi nyumbani kupumzika, huku huku Miyuji, nami nikahisi nimevuka barabara peke yangu kwa mara ya kwanza.

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa wa Mama Semeni, muuza nafaka wa Majengo. Niliuandika kwa siku mbili. Ulikuwa na dira, dhima, na maadili sita ya msingi. Ulisema yeye ni "msambazaji kinara wa mazao katika ukanda wa kati". Nilikwenda dukani kwake nikamsomea, yeye akiwa amekaa juu ya gunia la uwele, akinisikiliza kwa adabu kama anayesikiliza risala.

"Umeandika vizuri, mwanangu," akasema nilipomaliza. "Lakini huyu mtu simjui."

Nikaona aibu. Nikamuuliza watu wakimpigia simu kutoka mbali wanamuuliza nini.

"Wananiuliza mtama una mchanga? Wote. Hata salamu hawamalizi."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawaambia tunapeta mara mbili, mimi na mdogo wangu Asha, na ukikuta mchanga unarudisha gunia. Ila msimu wa mvua siahidi, kwa sababu hauanikiki vizuri."

Niliuweka ukurasa wangu kwenye mkoba nikaandika hayo aliyoyasema, karibu neno kwa neno, pamoja na ile ya mvua. Joshua aliposoma akasema hajawahi kuona biashara inayojisema vibaya kwenye tovuti yake yenyewe. Lakini simu zilianza kuingia, na Mama Semeni akanieleza kwamba wanaopiga sasa hawaulizi tena mchanga. Wanauliza gunia.

Hapo ndipo nilipopata maswali yangu matatu, ambayo mmeyaona kwenye daftari langu la jalada la bluu. Nani anafungua mlango asubuhi? Watu wanakuuliza nini kabla hawajaja? Na kitu gani huwezi kukifanya? Swali la tatu liliwatia wateja homa. Meneja mmoja wa nyumba ya wageni alinitazama kama nimemuuliza mshahara wake. Lakini mtu anayesoma ukurasa huo yuko mbali, hakujui, anajiuliza kama akija atakukuta. Akitaka sifa zako atazipata kwa wengine.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikichana karatasi.

Kulikuwa na kliniki binafsi hapa mjini, jina lake silitaji. Walituma kazi yao wiki ambayo tulikuwa na tovuti nyingine tano zinazosubiri, na Joshua alikuwa ameahidi zote. Kwa kawaida nilikuwa nakwenda kwenye biashara, nakaa mapokezi saa nzima, natazama. Wiki ile sikwenda. Kliniki ilituma kipeperushi chao cha zamani, na nilipompigia meneja kumuuliza maswali yangu akasema ana kikao, nichukue kilichopo, niandike kama kilivyo. Kwenye kipeperushi kulikuwa na mstari: "Daktari wetu bingwa wa macho yupo kila siku."

Niliuangalia mstari huo. Nakumbuka vizuri sana kwamba niliuangalia, na kwamba nilimsikia Mzee Lameki akilini kama yuko chumbani. Nikasema nitakwenda wiki ijayo kuhakikisha. Nikaunakili. Ukurasa ukapanda hewani, wiki ijayo ikaja na kazi zake, nikasahau.

Miezi ilipita. Ijumaa moja asubuhi simu ya ofisi ikaita, nami ndiye niliyekuwa karibu nayo. Kumbukeni chini ya kila tovuti tulikuwa tunaweka namba yetu, ili anayependa kazi yetu atupigie.

"Shikamoo," akasema mwanaume upande wa pili. "Naitwa Hamisi, natokea Kondoa. Samahani, ninyi ndio mlioandika kwamba daktari wa macho yupo kila siku?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa yuko wapi?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza njia. Akanieleza kwamba amemleta mama yake, jicho linamuuma tangu Jumanne, limekuwa jekundu, na anaona ukungu. Hospitali ya kwao waliwapa barua ya kwenda hospitali kubwa ya serikali hapa Dodoma. Lakini Hamisi alitafuta kwenye simu, akakuta ukurasa wetu, akaona afadhali pale ambapo bingwa yupo kila siku na foleni hakuna. Walifika Alhamisi mchana. Mapokezi wakawaambia daktari anatafutwa kwa simu, warudi kesho. Wakalala nyumba ya wageni Majengo. Leo wamerudi, na mhudumu, dada anayeitwa Agnes, ameona haya kuwadanganya mara ya pili. Amewaambia ukweli: daktari huyo aliacha kazi tangu mwaka jana.

"Uko wapi sasa?" nikamuuliza.

"Nje ya kliniki. Mama ameegemea ukuta, jua linamuumiza."

Joshua alikuwa ameshasimama mlangoni, amesikia. Akanipa ishara ya mkono nitulie. Nilipokata simu akasema, "Mama Nyemo, hilo siyo kosa letu. Wao ndio walituma maneno hayo. Ukienda pale utakuwa umekubali."

"Nimeshakubali," nikamwambia, "niliponakili." Nikatoka bila mkoba.

Kwenye bajaji sikuweza kukaa sawa. Nilikuwa namwambia dereva aende haraka, kisha namwambia aende polepole asije akatugongesha, mpaka akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikamwambia ndiyo.

Niliwakuta kama Hamisi alivyosema. Mama yake, Bi Zaituni, alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, amefunika nusu ya uso kwa ncha ya khanga. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akigeuza kichwa kutafuta sauti ilikotoka. "Wewe ndiye daktari?"

Katika maswali yote niliyowahi kuulizwa kazini, hilo ndilo sijapona nalo. Nikasema hapana mama, mimi ndiye niliyeandika. Sidhani alielewa. Hamisi alielewa, akatazama chini.

Tulikwenda hospitali kubwa. Ile barua yao ilikuwa bado imekunjwa kwenye mfuko wa shati la Hamisi, safi, haijafunguliwa. Muuguzi alipoisoma tarehe akainua macho. "Hii ni ya Jumatano. Mlikuwa wapi?" Nikasema mimi ndiye niliyewapoteza njia, na muuguzi, ambaye hakuwa na muda wa hadithi, akampitisha mama mbele.

Walimwingiza ndani. Hamisi na mimi tukakaa kwenye benchi. Aliniambia kwamba mama yake ni mshonaji wa mikeka, anashona kwa jicho na vidole, hata kipimo hatumii. Aliniambia pia kwamba alimsomea mama ukurasa wetu wote, na mama akasema hao wanaonekana ni watu wa kweli. Nikaomba niende chooni, nikasimama huko mpaka nikaweza kurudi.

Daktari aliyetoka alikuwa mwanamke kijana, amechoka. Alisema ni presha ya macho, imempanda ghafla jicho la kulia. Ameshapewa dawa ya kuishusha na atafanyiwa matibabu ya macho yote mawili, kwa sababu la kushoto nalo liko hatarini ingawa bado halijaumia. La kushoto ana imani nalo. La kulia halitaona tena kama zamani, labda mwanga tu.

Hamisi akashukuru. Mimi nikamfuata daktari mpaka kwenye korido.

"Daktari, samahani. Kama wangefika jana mchana?"

Akasimama. "Wewe ni binti yake?"

"Hapana."

"Jana ingekuwa bora kuliko leo. Jumanne ingekuwa bora kuliko jana. Zaidi ya hapo siwezi kukuambia, mama, na ukinilazimisha nitakudanganya."

Nimeligeuza jibu hilo miaka mingi na bado sijui liko upande gani.

Jumatatu nilikwenda kliniki. Meneja safari hii hakuwa na kikao. Nilimwambia mstari ule unafutwa leo. Akasema sawa, tuandike "huduma za kibingwa za macho zinapatikana". Nikamwuliza nani anazitoa. Akasema wanatafuta mtu. Nikamwambia basi tuandike kwamba wanatafuta mtu.

"Mama, wewe unataka kuniua kibiashara? Nani atakuja mahali palipoandikwa hakuna daktari?"

"Hakuna," nikasema. "Na ndiyo sababu tunaandika."

Agnes alikuwa mlangoni na faili mkononi. Akasema kwa sauti ndogo, bila kuulizwa, kwamba yule bibi wa Kondoa hakuwa wa kwanza. Kabla yake walikuja watu wa Mpwapwa, na baba mmoja wa Manyoni, na kila mara ni yeye, Agnes, aliyewaambia warudi kesho kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Akaanza kulia. Meneja akamtazama, akanitazama, akasukuma karatasi kuelekea kwangu.

"Andika unavyotaka."

Nikaandika: "Kwa sasa hatuna daktari wa macho. Ukiwa na tatizo la macho usije kwetu, nenda hospitali kubwa ya serikali mapema." Ukurasa ulikaa hivyo miezi mitatu. Joshua alikasirika kwa wiki moja, kisha akaanza kunisaidia kupiga simu kwa kila mteja wetu wa zamani, tovuti moja baada ya nyingine, tukiuliza kama yaliyoandikwa bado ni kweli. Mengi hayakuwa kweli. Kulikuwa na shule yenye mwalimu mkuu aliyekwishafariki, bado anawakaribisha wazazi.

Nilikwenda kwa Mzee Lameki kumwambia. Nilidhani atanikemea, na nilitaka anikemee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimeshakwenda Kondoa.

"Bado. Naona aibu."

"Nenda nayo," akasema.

Nilikwenda. Bi Zaituni alikuwa barazani, jicho la kulia limefifia, la kushoto linaona. Alikuwa anashona. Mkeka ulikuwa na mstari mmoja uliokwenda upande, akaniona nautazama. "Huo nilishona mwanzo mwanzo," akasema, "nilikuwa sijazoea." Akanipa chai. Nilimwambia tena, taratibu, kile nilichokuwa nimefanya, na safari hii alielewa. Akavuta uzi wa ukindu.

"Kwa hiyo hukwenda kumtazama huyo daktari?"

"Sikwenda, mama."

"Ungekwenda tu," akasema. Akaendelea kushona. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe, na mimi sikuuliza.

Kliniki baadaye ilipata daktari wa macho, anayekuja Jumanne na Alhamisi tu, na ukurasa unasema hivyo: "Daktari wa macho huja Jumanne na Alhamisi. Tupigie kabla ya kusafiri." Tangu hapo, kila Jumatatu, nimekuwa nikimpigia Agnes kumuuliza kama bado anakuja. Ofisini mlinicheka kwa hilo, najua. Mlisema nikistaafu nitapona. Sijapona. Leo ni Jumatatu, nimempigia sasa hivi, karatasi hii ikiwa mapajani.

"Bado anakuja, Mama Nyemo," akasema. "Ila wiki hii hayupo. Amepata msiba kwao Songea, ameondoka jana."

"Mmeandika kwenye ukurasa?"

Nikasikia akigeuza karatasi.

"Agnes?"

"Meneja alisema ni wiki moja tu, mama."

Nimeshapiga simu ofisini mara tatu, inaita tu. Nadhani mko kwenye chakula cha mchana. Nilitaka kumalizia na mambo mengine, yale ya kuweka kwenye tovuti picha za watu wasio wa hapa wanaopeana mikono, na namna ya kumkatalia mteja anayetaka kuitwa kinara. Hayo ulizaneni wenyewe. Kesho ni Jumanne, na basi la kwanza la kutoka Kondoa kuja huku linaondoka mapema. Naacha hapa. Nimevaa viatu, bajaji iko nje, nakuja ofisini tuubadilishe ukurasa.